Robo Inchi Kila Idi

Naanza na jambo litakalonivunjia heshima, nisije nikalikimbia katikati. Mimi ni mshona kofia. Nashona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka macho yanawasha, na kwa zaidi ya miaka ishirini hapa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, hakuna mwanamme aliyenirudishia kofia kwa kusema inambana au inampwaya. Hakuna, isipokuwa mume wangu. Na yeye aliponirudishia, badala ya kumsikiliza, nilimdanganya miaka mitano.

Huku kwetu msichana akishachumbiwa humshonea mchumba wake kofia. Mimi nilimshonea yangu kabla hata hatujawahi kukaa chumba kimoja. Kipimo aliniletea dada yake, wifi yangu: uzi mweupe uliozungushwa kichwani na kupigwa fundo pale ulipokutana. Nilipoupima ulikuwa inchi ishirini na mbili na nusu. Niliutia katika kopo la biskuti ninamoweka nyuzi za wateja wangu wote, kila uzi na fundo lake na kitambaa cha rangi cha kumjulia mwenyewe. Tangu hapo, kila Idi ndogo nikampa kofia mpya. Alizipenda, na zaidi alipenda kuulizwa nani kashona. "Mke wangu," atasema, "huyu hakosei." Msikitini, harusini, barazani kwa wenzake, ni huyo huyo mke asiyekosea.

Yeye kazi yake ni kuwatembeza wageni katika msitu wa Jozani. Anawaonesha kima punju, wale wa mgongo mwekundu, anawatajia miti na dawa zake, kisha anawapitisha kwenye lile daraja la mbao lililokatisha mikokoni. Alikuwa mtu wa mizaha na mwepesi wa kila kitu. Nilikuwa nikimwita kutoka jikoni, sijamaliza kulitaja jina, yeye keshaitika "Naam" na keshafika mlangoni kuuliza kimeiva nini.

Basi Idi moja akavaa kofia yake mpya, akaivua, akaishika mkononi akaitazama kama samaki aliyechina, anayenuka.

"Inanibana," akasema.

"Haikubani. Ni wanga. Nimeitia wanga mwingi."

Nikailoweka, nikaifua, nikaikausha juu ya bakuli kubwa ili itanuke. Ikambana. Nikamwambia ni nywele zake. Akaenda kunyoa upara, akarudi anang'aa, akaivaa mbele yangu makusudi. Ikambana, ikamwachia mstari kwenye paji la uso. Tuligombana siku tatu za sikukuu, watu wanakuja kututembelea wanatukuta tumenuna.

"Kubali tu umekosea," akaniambia. "Mbona mimi nkikosea nakubali?"

Kwanza hajawahi kukubali hata siku moja. Pili, neno hilo liliniingia vibaya. Siku ya nne, alipolala baada ya adhuhuri, nikatoa uzi wake kwenye kopo nikauzungusha kichwani kwake taratibu. Fundo halikukutana na mwanzo wa uzi. Ilipungua robo inchi.

Mwenye akili zake angejiuliza: mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kichwa chake kinakuaje? Mimi sikujiuliza hilo. Nilijiuliza nani ataniona nikiadhirika. Nikadhani labda wifi alipima vibaya tangu mwanzo, au uzi umejikunja kwa miaka, au mimi ndiye niliyezembea. Nikapiga fundo la pili mbele ya lile la kwanza, nikaurudisha uzi kwenye kopo, nikamshonea kofia nyingine kwa siri. Nilipompa nikamwambia, "Ishirini na mbili na nusu, kama siku zote." Akaivaa, ikamkaa sawasawa, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Unaona sasa? Ile uliikosea."

Nilidhani nimenunua amani ya nyumba kwa robo inchi, na nilijiona mwerevu sana.

Idi iliyofuata nikampima tena usingizini kabla hajalalamika, na robo inchi nyingine ilikuwa imepungua. Nikapiga fundo la tatu. Mwaka uliofuata, la nne. Ikawa desturi yangu kabisa. Kila mwezi wa Rajabu namvizia alale, nampima, napiga fundo, naongeza mistari miwili ya kushona ubavuni, namwambia ishirini na mbili na nusu. Kila Idi anavaa na kujisifia barazani kwamba mkewe hakosei. Nikifikiri leo natamani nijipige kofi.

Maana si kichwa tu. Mtu alikuwa anabadilika mbele ya macho yangu, na kila mabadiliko yalipata mtu wa kuyasifu. Pete yake ya fedha ilikataa kutoka, ikabidi ikatwe kwa fundi. Wifi yangu akasema ndoa imemkubali kaka yake. Makubadhi yakambana, akasema miguu imepanuka kwa kutembea msituni. Sauti ikawa nzito. Yeye huwa anaadhini msikiti wa mtaani kwetu mwenye zamu akiwa hayupo, na watu wakaanza kumwomba aadhini kila siku, eti sauti imekomaa. Taya likatokeza, meno ya mbele yakaachana, mzee mmoja akamwambia sasa ana uso wa heshima. Jamani, mtu anaumwa mnamwambia ana uso wa heshima!

Kisha akaanza kupoa. Yule niliyekuwa simalizi kumwita, sasa namwita mara tatu. Nakwenda ndani namkuta amekaa kitandani na soksi moja mkononi, hajui kama anavaa au anavua. Akaanza kusikia baridi. Mji umefukuta, sisi wengine tunajipepea kwa vipepeo vya ukili, yeye kajifunga kikoi juu ya shati na anauliza nani kafungua dirisha. Choo kikamsumbua. Akawa analala akishakula, analala kabla ya kula, na mengine ya chumbani sitayaandika, waliooa na kuolewa washanielewa. Nilimgombeza. Nilimwita mvivu. Nilimwambia nimechoka kuishi na gogo, na nilimwambia kwa sauti ambayo jirani alisikia.

Wifi akaja siku moja akaniweka kitako.

"Wifi, unamlisha nini kaka yangu? Mbona kazubaa hivi?"

"Namlisha wali na mchuzi kama ulivyomlisha wewe."

"Nnauliza tu."

"Hukuuliza tu. Unasema nimempumbaza. Sasa mchukue ukampime."

Alimchukua kweli. Nampa haki yake wifi, hakukaa akasubiri. Walikwenda kituo kimoja cha mjini, daktari akamwangalia uvimbe wa uso, akasikia habari za baridi na uzito, akasema hii inafanana na tezi ya shingo iliyolegea. Akatoa damu. Majibu yakarudi na namba moja, na mbele yake pameandikwa kwamba iko sawa. Akaambiwa tezi yake salama, apunguze wali, afanye mazoezi. Mazoezi! Mtu anayetembea msituni kutwa.

Karatasi ile mume wangu akaikunja akaitia kwenye waleti. Kila nilipomwambia wewe unaumwa, aliitoa akaikunjua taratibu, kwa vidole vyake vilivyonenepa, akanisomea. "Tezi salama." Nilichukia karatasi ile kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Baada ya miezi nikamlazimisha kurudi, wakapima kitu kile kile, namba ile ile, akapata karatasi ya pili ya kuitia nguvu ile ya kwanza.

Kilichotutoa kwenye karatasi zile ni kima. Mtu aliyewatafuta kima punju zaidi ya nusu ya umri wake alianza kuoneshwa na wageni. Mgeni anasema huyo hapo kushoto, wengine wanapiga picha, yeye anageuza kichwa chote kama mwenye shingo iliyokazana ndipo amwone. Nyumbani alikuwa anagonga fremu za milango na kumwaga chai niliyomwekea ubavuni. Nikadhani ni ule ule uzito wake. Mpaka siku moja akarudi na tope la mikokoni mpaka mapajani. Alikuwa anatembea kwenye lile daraja la mbao analolijua kama ukumbi wa kwake, akakanyaga pembeni, akatumbukia mbele za wageni. Alikaa kwenye kiti bila kuvua, tope linakauka, akaniambia, "Sikuuona ukingo. Haukuwapo."

Safari hii nilimpeleka mimi, hospitali nyingine. Daktari alikuwa msichana mdogo, nikamtazama nikasema moyoni tumekwisha, huyu hata hajamaliza kukua. Akatuamkia shikamoo, tukaitikia. Hakutazama karatasi kwanza. Alimtazama mume wangu. Akaushika mkono wake akaugeuzageuza, akamwambia afungue mdomo, akaangalia meno.

"Baba, viatu unavaa saizi gani siku hizi?"

"Kubwa kidogo. Miguu imepanuka kwa kazi."

"Na pete?"

"Nimenenepa, mwanangu."

"Una picha zako za zamani?"

Hana. Mume wangu hapendi kupigwa picha, na simu yenye zile chache za harusi za watu ilikwishazama baharini siku nyingi. Daktari akafikiri kidogo, akaitazama kofia.

"Kofia je? Saizi imebadilika?"

Mume wangu akachangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaivua akampa aishike. "Kofia? Hapana. Hizi anashona mke wangu, huyu hapa. Ishirini na mbili na nusu tangu kofia ya uchumba mpaka leo, na inanikaa vile vile. Huyu hakosei."

Daktari akaigeuza kofia, akaisifu kazi, akashika kalamu aandike. Nikajua ataandika haijabadilika. Nilikuwa nimekaa kiti cha ukutani, mkoba mapajani. Kama ningenyamaza, angeandika, na neno langu la uongo lingeingia katika lile faili likakaa pamoja na zile karatasi mbili za tezi salama. Na mimi nilitaka kunyamaza. Nasema kweli. Mbele yangu yupo mwanamme anayejivunia kitu kimoja tu katika maradhi yake yote, nacho ni mimi.

"Hiyo ni ishirini na nne kasoro robo," nikasema.

Mume wangu akageuka mwili mzima kunitafuta. "Ngapi?"

"Ishirini na nne kasoro robo. Nimekuwa nnaiongeza. Kila Idi robo inchi. Miaka mitano."

Daktari hakucheka. Akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia uzi ninao nyumbani, una mafundo sita, moja la uchumba na matano ya Idi. Akaiweka kalamu chini, akasogeza kiti chake mbele ya mume wangu, akamwambia aitazame pua yake yeye daktari bila kugeuka, kisha akanyoosha mikono yake miwili kwa mbali huku na huku akachezesha vidole. "Sema ukiviona." Vidole vinacheza. Mume wangu anaitazama pua, anangoja. Mimi naviona, ukuta unaviona. Daktari akavisogeza ndani, na ndani zaidi, mpaka vilikuwa karibu kabisa na mashavu yake ndipo aliposema, "Ndio hivyo." Pande zote mbili. Mume wangu alikuwa anaiona dunia kwa upana wa mlango mmoja, na hajui.

Njiani kurudi nilikuwa nimejitayarisha kwa kila tusi. Tulipofika mlangoni akasema, "Kwa hiyo mimi nlikuwa nnasema kweli. Ile ya kwanza ilinibana." Hilo ndilo alilolichukua. Mtu anapofuka, kafurahi kashinda ugomvi wa kofia.

Kesho yake nikampelekea daktari uzi. Akaupima kwa futi ya tepu fundo baada ya fundo, akaandika Idi ya mwaka gani na gani, akasema hajawahi kupewa historia ya mgonjwa iliyo safi namna hii. Sikujua nifurahi au nilie. Baada ya hapo damu ikatolewa upya, vipimo vingi mara hii, na kichwa kikapigwa picha. Ndipo alipotueleza.

Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama njegere inayoitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa amri kwa tezi nyingine za mwili. Ya mume wangu ilikuwa na uvimbe. Uvimbe wenyewe ulikuwa unamwaga homoni ya kukuza mwili, ndiyo maana mifupa ya kichwa, taya, mikono na miguu vikazidi. Na kwa kuwa ulikuwa umejaa mahali padogo, uliikandamiza ile njegere isifanye kazi zake nyingine, na juu yake ukasukuma mishipa ya macho.

"Lakini tezi yake ya shingo walisema salama," nikasema. "Mara mbili."

"Walipima amri, mama. Hawakupima kazi."

Alinieleza mara ya pili, na ya tatu nilijieleza mwenyewe kwa lugha ya nyumbani kwangu. Mimi ndiye pituitari, mume wangu ndiye tezi ya shingo. Nikimwita akachelewa, napaza sauti, na mpita njia akisikia makelele yangu anajua humu ndani kuna mtu mzito. Hilo ndilo madaktari wengi wanalolitafuta: homoni ya kuamrisha ikipanda juu, wanajua tezi ya shingo imelegea. Lakini mimi nikiwa naumwa, sauti haitoki, siwezi kumwita. Yeye amekaa na soksi mkononi. Mpita njia hasikii kelele, anasema nyumba hii mambo yao yako sawa. Namba ya amri ya mume wangu ilikuwa ya kawaida kwa sababu mwenye kuamrisha mwenyewe hana nguvu. Homoni ya tezi ya shingo yenyewe, ile inayotia mwili joto na wepesi, hakuna aliyeipima kabla ya msichana yule. Ilipopimwa ilikuwa chini kabisa.

Nilikasirika kiasi cha kusimama. Nilitaka nizichukue zile karatasi mbili nikambandike nazo daktari wa kwanza kwenye paji la uso. Kisha nikakumbuka na mimi nilikuwa na karatasi yangu ya uongo, ya uzi, nikakaa.

Kuhusu dawa nako tulivutana. Mume wangu akishasikia ugonjwa una kidonge anakitaka pale pale. Daktari akakataa kumpa cha tezi ya shingo. Kwanza, akasema, anywe dawa ya kuziba pengo la homoni nyingine inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, kwa sababu nazo zilikuwa zinangoja amri ile ile isiyofika. Ukiuamsha mwili kwa dawa ya shingo na ile nyingine haipo, mtu anaweza kuanguka na asiinuke. Siku chache baadaye ndipo akaanzishwa ya shingo, kidogo kidogo. Kisha tukavuka kwenda Dar es Salaam akatolewa uvimbe kupitia puani, na tulikaa huko kwa jamaa mpaka aliporuhusiwa.

Alirudi akiwa mtu niliyekuwa nimemsahau. Uso wa heshima ulibaki, mifupa ikishakua imekua, lakini kikoi kikavuliwa, choo kikafunguka, mizaha ikarudi pamoja na ukorofi wake. Kidonge cha tezi ya shingo ni cha kila siku maishani. Anakimeza akitoka kusali alfajiri, tumbo tupu, kisha lazima asubiri muda wa saa nzima kabla ya chai. Saa hiyo inamtesa kuliko kukatwa. Anazunguka birika, ananiuliza saa ngapi, ananiambia saa yangu imekufa.

Na bado watu wa vipimo hawakutuacha. Miezi michache nyuma, daktari wetu akiwa likizo, tulimpeleka kupima damu mahali pengine. Mhudumu akaitazama ile namba ya amri, akaona iko chini kabisa, akasema dawa imezidi, apunguziwe nusu.

"Hiyo haitazamwi kwake," nikamwambia. "Njegere yake imeharibika. Tazama homoni ya shingo yenyewe."

"Mama, wewe ni daktari?"

"Mimi nashona kofia. Na hupunguzi kitu."

Mume wangu, badala ya kunisaidia, akaanza kumwomba radhi yule mhudumu. Nilimvuta shati tukatoka. Daktari wetu aliporudi akathibitisha kipimo cha dawa kilikuwa sawasawa. Sikuombwa radhi na yeyote, wala mume wangu.

Yote haya nayasema haraka haraka kwa sababu kuna moja lililobaki. Macho. Baada ya operesheni upande wa kulia ulifunguka karibu wote. Wa kushoto haukufunguka. Walitupa matumaini ya mwezi, ya miezi mitatu, ya miezi sita. Mwisho nikamfuata daktari peke yangu, mume wangu yuko nje anachukua dawa, nikamuuliza ningesema mapema ingekuwaje. Alijaribu kuzunguka. Nikamwambia, mwanangu, nijibu. Akasema uvimbe ungegunduliwa miaka miwili nyuma, ungali mdogo, pengine mshipa ule wa kushoto ungepona kama mwenzake. Akaongeza kwamba na waliopima nusu kipimo wana fungu lao. Nilimshukuru. Fungu lao walichukue wao, langu nalijua. Ni fundo la nne, la miaka miwili nyuma.

Nilikaa na neno lile wiki tatu. Nilikuwa mbaya wiki hizo, nilifoka kwa sababu ya chumvi, ya viatu mlangoni, ya mlio wa kijiko. Jozani amerudi, lakini mwenzake ndiye anayetangulia na wageni, yeye anafuata nyuma akieleza miti. Halalamiki. Angelalamika ningepata pa kushika.

Asubuhi moja amemeza kidonge chake, kakaa ukumbini anasubiri chai na kunung'unika. Nikaja nikasimama kushoto kwake. Nilichagua kushoto. Nilitaka nilitoe neno lile pale ambapo haoni uso wangu.

"Nimemuuliza daktari," nikasema. "Lile jicho lingepona. Ningesema lile fundo la nne, lingepona."

Hakugeuka. Akabaki anatazama mbele.

"Nshaambiwa," akasema. "Siku nyingi. Kule Dar, kabla hatujarudi. Walisema la kushoto limecheleweshwa."

"Na ukanyamaza?"

"Nlikuwa nnangoja uniambie mwenyewe. Hamia huku kulia, nkuone."

Nikazunguka kiti, nikasimama kulia kwake. Akaninyanyulia uso akanitazama, na mimi, niliyemficha miaka mitano, nikamgombeza kwa sauti yangu yote kwa kunificha miezi sita.